Likinda na Jukwaa: Vita vya Maji Maji katika Maigizo ya Kimaendeleo ya Tanzania

Maigizo yenye shabaha ya kisiasa nchini Tanzania mara nyingi huhesabiwa kuanzia miaka ya 1960, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kufundisha sanaa za maonyesho, istilahi inayokusanya ngoma, masimulizi, majigambo na matambiko pamoja na tamthilia ya kuandikwa. Hesabu hiyo ni sahihi kwa upande wa madarasa na vitabu, lakini inaisahau Rufiji, ambako zaidi ya nusu karne kabla ya hapo maelfu ya watu walikwisha kuandaa, kwa miili yao wenyewe, onyesho kubwa ambalo utawala wa Kijerumani haukulitambua kuwa la hatari hadi wakati ulipokwisha kupita.

Tangu 1902 serikali ya Gavana von Götzen ilikuwa imewalazimisha wakazi wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kazi iliyowaondoa kwenye vyakula vyao na kuwapa malipo yasiyostahili hata kuitwa ujira. Mwaka 1904 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyeaminika kupandwa na mzimu wa mtoni uitwao Hongo, alianza kugawa dawa ya maji, mtama na mafuta ya mbarika, iliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji. Habari zake zilisambazwa kwa njwiywila, neno la Kimatumbi la mnong'ono unaopita kwa siri kutoka mtu hadi mtu, na waliousikia mnong'ono huo walikwenda Ngarambe wakiimba, wakicheza na kupiga vigelegele kama msafara wa arusi. Walipofika walilala huko na kucheza likinda, yaani zoezi la kivita lililofanywa kwa mtindo wa ngoma, kila kundi peke yake, kisha asubuhi wakapokea dawa na kurejea makwao. Likinda lilikuwa kwa wakati mmoja jeshi linalojifunza na igizo linalolificha jeshi hilo machoni pa maakida, watumishi wa utawala wa Kijerumani, na pengine hakuna ufafanuzi wa sanaa ya ukombozi ulio mfupi kuliko huo.

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, wananchi walipong'oa mipamba. Tarehe 4 Agosti Kinjeketile alinyongwa Mohoro, kituo cha utawala wa Kijerumani kilichokuwa karibu na delta ya Rufiji. Shambulio kubwa la ngome ya Mahenge, ambako wapiganaji waliangushwa kwa bunduki za mtombo, lilifanyika tarehe 30 Agosti, mtu aliyewapa maji akiwa amekwisha kufa kwa majuma matatu na zaidi.

Tarehe hizo mbili zina uzito wa pekee kwa msomaji wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa 1969, mwaka mmoja baada ya wanahistoria Gwassa na Iliffe kutoa kumbukumbu za vita hivyo walizozikusanya. Hussein aliwatahadharisha wasomaji wake kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, na penye mpangilio wa matukio ubunifu huo unaonekana waziwazi, kwa kuwa katika tamthilia shujaa haachwi afe Mohoro mapema bali anabakizwa hai hadi baada ya maangamizi ya Mahenge, ili aone maji yakishindwa kisha aulizwe, akiwa kifungoni, kama yuko tayari kutangaza kwamba yalikuwa uongo. Anakataa, si kwa sababu bado anaamini, maana shaka ilimwingia mapema alipotambua kwamba ahadi ya Hongo ingewatoa watu wake chini ya Mjerumani na kuwarudisha chini ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, bali kwa sababu neno lililokwisha kuwaunganisha watu si mali ya aliyelitamka tena. Kwa gharama ya majuma machache ya historia, mwandishi alipata swali ambalo kumbukumbu za boma zisingeweza kumpa.

Swali hilo, neno ni la nani, ndilo lililoyasumbua maigizo yote yaliyofuata. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera, yaani mashairi ya majibizano yaliyoenezwa hasa na Mathias Mnyampala, zilisomwa katika shule na mikutano zikifafanua sera ambayo watazamaji hawakushiriki kuitunga. Zilikuwa na ufundi wa lugha, ila jibu lilijulikana kabla ya swali kuulizwa. Miaka ya 1980 ilileta mwelekeo mwingine. Amandina Lihamba, Ndyanao Balisidya na Penina Muhando waliandika kwa pamoja Harakati za Ukombozi, na kikundi cha Paukwa, kilichojipa jina la mwito wa msimulizi wa hadithi, kilichapisha tamthilia ya Ayubu mwaka 1984 kwa jina la kikundi. Kufuta jina la mtunzi mmoja si jambo dogo katika fani ambayo chuo kikuu kilikuwa kimeirithi kutoka Ulaya pamoja na jukwaa lake lililoinuliwa.

Hatua ya mbali zaidi ilichukuliwa katika sanaa za maonyesho kwa maendeleo, utaratibu ambao wasanii huhamia kijijini na wanakijiji wakawa ndio watafiti, watunzi na wachezaji. Huko Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, wenyeji walilichagua tatizo la mimba za wasichana wadogo, wakaligeuza kuwa ngoma na michezo, na kila onyesho likafuatwa na mjadala. Umbo lake linafanana sana na likinda, kwani hapakuwa na mtazamaji asiyehusika, isipokuwa kwamba Ngarambe mchezaji alipewa dawa akaenda zake, ilhali Malya ngoma iliponyamaza yeye ndiye aliyesimama kuhoji, mbele ya wenzake, kilichokuwa kimechezwa.