Kijiti Kinachokwenda Chenyewe

Mwaka 1965 kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani, ilimwajiri kijana mmoja aliyesomea elektroniki, Gunpei Yokoi, na kumpa kazi ya kuhudumia mitambo ya kutengenezea karata. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1889, ilikuwa bado ikitegemea karata za hanafuda, na Yokoi alikuwa fundi wa kuhakikisha mashine hazilali. Alipopata nafasi alijitengenezea mkono wa kuchezea unaorefuka na kukamata vitu. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alipouona akaagiza utengenezwe kwa ajili ya soko. Ulitoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, ukauzwa zaidi ya milioni moja.

Ni muhimu kukumbuka kwamba mtu huyu alianza kama fundi wa matengenezo, kwa sababu sehemu aliyokuja kuibuni baadaye ni miongoni mwa zinazoguswa zaidi katika gemu za mkononi, na miongoni mwa zinazotangulia kuchakaa.

Mwaka 1980 Yokoi alitoa Game & Watch, gemu ndogo za mfukoni zenye kioo cha aina ile ile ya vikokotoo vya wakati huo. Miaka miwili baadaye ikaja Donkey Kong, iliyokuwa na vioo viwili na kujikunja katikati kama kitabu. Hapo pakazuka tatizo. Kijiti cha kuongozea, kama kile cha mashine za kwenye kumbi za michezo, kingechomoza na kuzuia kifuniko kufunga. Yokoi akaweka kitufe bapa chenye umbo la msalaba, ambacho dole gumba hukibonyeza juu, chini, kulia au kushoto bila mchezaji kutazama. Msalaba huo ukahamia kwenye gemu za kuchezea kwenye televisheni, na mwaka 1989 ukawekwa kwenye Game Boy. Washindani nao walitaka kitu cha namna hiyo. Sony, kwenye PlayStation, iliugawa msalaba ukaonekana vitufe vinne vilivyotengana.

Ndani ya Game Boy utaratibu wake ni mwepesi mno. Chini ya msalaba kuna mpira laini wenye vidonge vinne vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza kulia, kidonge cha kulia kinashuka na kugusa bodi, umeme unapita, mchezaji kwenye kioo anakwenda kulia. Katikati ya msalaba kuna kinundu kinachouzuia usizame wote kwa pamoja, ili mtu asiweze kwenda kulia na kushoto kwa wakati mmoja.

Kitufe kikigoma, mara nyingi kosa ni uchafu: jasho, vumbi, au soda iliyopenya na kukauka. Fundi anafungua mfuniko wa nyuma, anatoa bodi, anainua mpira, anachovya pamba kwenye spiriti na kusugua vidonge na sehemu vinapogusa. Mpira ukiwa umechanika, anaweka mwingine. Hakuna kulehemu wala kompyuta. Kikwazo kilikuwa skrubu tu, maana Nintendo ilitumia zenye meno matatu, ambazo bisibisi ya kawaida haizishiki. Wapo waliopasha moto ncha ya kalamu ya plastiki na kuigandamiza juu ya skrubu ngumu za namna hiyo hadi ikachukua umbo lake. Mwenye kiu ya kufungua alifungua.

Uimara wa gemu hiyo si hadithi tupu. Game Boy moja iliyoungua katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 iliwekwa kwenye maonyesho katika duka la Nintendo jijini New York, mwili wake umeyeyuka na kioo bado kikiwaka.

Mambo yalibadilika gemu za mkononi zilipoanza kutaka mwendo wa pande zote. Msalaba unajua ndiyo au hapana. Kijiti kinapaswa kujua kiasi: tembea pole, tembea haraka, pinda kidogo. Sony iliweka kitu kama hicho kwenye PSP, iliyotoka Japani Desemba 2004. Kisha tarehe 3 Machi 2017 Nintendo ikaleta Switch, yenye vishikio viwili vinavyochomoka vinavyoitwa Joy-Con, kila kimoja na kijiti chake kidogo.

Kijiti cha Joy-Con husoma mwendo kwa mguso. Vipande vidogo vya chuma huteleza juu ya njia nyembamba ya kaboni, na umeme unaopita huieleza mashine kijiti kimeegemea wapi. Kila kinaposukumwa, kaboni inakwanguka. Baada ya matumizi ya kutosha kipimo kinapotoka, na mashine inaamini kijiti kimesukumwa wakati hakuna aliyekigusa. Mchezaji kwenye kioo anaanza kutembea mwenyewe. Hapa pamba na spiriti husaidia kwa siku chache tu, maana kaboni iliyolika hairudi.

Kukibadilisha kunawezekana, ila si kazi ya haraka. Skrubu nne za meno matatu nyuma. Fungua taratibu, kwa kuwa nyaya bapa zimeunganisha pande mbili. Betri ndogo ya mAh 525 inatoka, fremu ya kati inafuata. Kisha vibana vya nyaya, vyembamba kama kucha ya mtoto, vinainuliwa kwa kibano. Hapo ndipo mikono yenye pupa huvunja kitu kisichouzwa peke yake. Kijiti chenyewe kimeshikwa na skrubu mbili na waya wake bapa. Spea ni ya bei ndogo. Jozi mpya ya Joy-Con Marekani iliuzwa karibu dola 80, na wazazi wengi waliilipa wakidhani watoto wao ndio waharibifu.

Hawakuwa waharibifu. Julai 2019 kesi ya pamoja ya wateja ilifunguliwa Marekani, na Nintendo ikaanza kutengeneza vijiti hivyo bure nchini humo. Mwezi Septemba mwaka huo huo ikatoa Switch Lite, ambayo vijiti vyake vimejengwa ndani ya mwili, kwa hiyo kijiti kikiharibika gemu nzima inapelekwa kwa fundi. Juni 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu huo. Januari 2021 muungano wa vyama vya walaji vya Ulaya, BEUC, ulipeleka shauri kwa Tume ya Ulaya ukiwa na malalamiko karibu 25,000. Katika asilimia 88 ya hayo, vijiti vilikuwa vimeharibika ndani ya miaka miwili. Mwaka 2023 kampuni ilikubali kuvitengeneza bure Ulaya hata baada ya muda wa dhamana kuisha.

Mteja wa Kariakoo au wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi hayumo katika makubaliano hayo. Yeye ana fundi wake wa simu, ambaye pia hubadilisha vijiti vya pedi za PlayStation zinazoletwa kutoka vibanda vya gemu. Pedi hizo ni ngumu zaidi, kwa kuwa kijiti kimelehemiwa kwenye bodi kwa miguu mingi. Anayeweza kukitoa bila kuunguza bodi hana sababu ya kuogopa Joy-Con.

Kinachouma ni kwamba dawa ilikuwepo siku nyingi. Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall aligundua jinsi sumaku inavyoathiri umeme unaopita kwenye chuma. Kijiti kinachotumia kanuni hiyo hupimwa bila vipande kugusana, kwa hiyo hakuna kaboni ya kukwanguka. Kampuni ya Sega ilikitumia kwenye mashine yake ya gemu, Dreamcast, iliyotoka Japani mwaka 1998. Vijiti vya sumaku vya kuweka ndani ya Joy-Con vilifika sokoni kutoka kampuni nyingine, na wengi wamevibadilisha wenyewe. Hata hivyo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, imekuja na vijiti vya mguso, na iFixit, kampuni ya Marekani inayouza spea na kuchapisha miongozo ya matengenezo, iliipa alama 3 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezeka. Kampuni ya Valve ilichagua njia nyingine: tangu 2022 spea za gemu yake ya mkononi, Steam Deck, vijiti vikiwemo, zinauzwa rasmi kupitia iFixit hiyo hiyo.

Sheria nazo zimewaacha wachezaji nyuma. Sheria ya haki ya kutengeneza ya California, iliyoanza kutumika Julai 2024, inawabana watengenezaji wa simu na vifaa vingi vya nyumbani watoe spea na miongozo, lakini imezitoa mashine za gemu. Ile ya Minnesota imefanya vivyo hivyo. Hilo ni kosa la kurekebishwa, na nchi za Afrika Mashariki zikija kuandika sheria kama hizo zisilinakili.

Kwa sasa, anayenunua Switch ya mtumba aingie kwenye mipangilio, afungue sehemu ya kurekebisha vijiti, asukume kila kimoja pande zote na kukiachia. Alama isiporudi katikati, gharama ya kijiti kipya na ya fundi ipunguzwe kwenye bei kabla hajatoa hela.