Gari la Moshi la Mezani



Kila mmoja wetu amepata kumwona mtoto ameketi kivulini, ana makopo matupu, uzi na vipande vya mti, anaunda gari. Mara nyingi mtu mzima apitaye humkemea, "Acha mchezo, kafanye kazi!" Leo nataka kuwaeleza habari za magari madogo ya moshi yaliyoundwa na watu wazima wenye maarifa, kisha ninyi wenyewe mtaamua kama mkemeaji yule amesema kweli.

Habari zetu zinaanza Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, nchi ya migodi ya bati na shaba. Migodi ile ilijaa maji, na maji yalivutwa kwa mitambo mikubwa ya mvuke, isiyoweza kuondoka mahali pake. Katika mji wa Redruth alikaa fundi mmoja jina lake William Murdoch, aliyeitunza mitambo hiyo kwa niaba ya matajiri wake, Boulton na Watt. Mwaka 1784 aliunda gari dogo la magurudumu matatu, lenye chungu cha maji na taa ya spiriti chini yake. Maji yalipochemka, mvuke ulisukuma pistoni, pistoni ikazungusha magurudumu, na gari likaenda lenyewe.

Husimuliwa ya kwamba usiku mmoja alilijaribu katika njia iendayo kanisani. Gari likamponyoka, likakimbia gizani likifoka na kuwaka, na padre wa mahali pale akapiga kelele akidhani amekutana na Shetani. Huenda hadithi hiyo imetiwa chumvi, lakini gari lenyewe lipo hata leo, limehifadhiwa mjini Birmingham. Matajiri wake hawakuipenda kazi hiyo. Walimtaka ashughulike na mitambo ya migodini. Basi Murdoch akaiacha.

Lakini si mbali na hapo, upande wa Camborne, alikulia kijana Richard Trevithick. Naye alianza kwa kuunda magari madogo. Alipoyaona yanakwenda vema, akathubutu kuunda kubwa, na usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1801 gari lake la mvuke lilipandisha kilima cha Camborne likiwa limechukua watu. Tarehe 21 Februari 1804, huko Penydarren katika nchi ya Wales, mtambo wake mwingine ulikwenda juu ya reli, ukivuta tani 10 za chuma pamoja na watu wapatao 70, mwendo wa karibu maili 10. Ila reli zile za chuma cha kalibu zilivunjika kwa uzito wa mtambo.

Kwa nini magari madogo hayakumwonya Trevithick mapema? Ninyi wanafunzi, tazameni hesabu hii. Twaeni kisanduku ambacho kila upande wake ni inchi 1, na kingine ambacho kila upande wake ni inchi 2. Mtu atasema cha pili kimezidi mara mbili tu. Lakini pangeni visanduku vidogo ndani ya kile kikubwa, mtaona vinaingia vinane! Urefu umezidi mara 2, eneo la kila uso limezidi mara 4, na ujazo umezidi mara 8. Kwa hiyo gari likikuzwa, uzito wake huongezeka kuliko macho yanavyodhani.

Kanuni hiyo huijua kila fundi aundaye magari madogo ya moshi, nao mafundi hao ni wengi; huko Uingereza gazeti lao, Model Engineer, lilianzishwa mwaka 1898. Fundi akichagua kipimo cha sehemu moja katika 16, gurudumu lenye upana wa futi 5 huwa la inchi 3 na robo tatu. Vipande vya nje huweza kuvipunguza vivyo hivyo, kimoja kimoja. Lakini moto, maji na mvuke havipungui tabia. Chungu kidogo kina ngozi kubwa kuliko maji yake, kwa hiyo hupoa upesi. Tena bamba la chungu likipunguzwa kwa kipimo kile kile, huwa jembamba mno. Hapo fundi hukiacha kipimo chake akafuata akili. Na kabla ya kuwasha moto hukijaza chungu maji baridi, akayasukuma kwa nguvu ipitayo ile ya kazi. Maana chungu kikipasuka kwa maji baridi hulowesha tu, bali kikipasuka kwa mvuke huua.

Sasa tuvuke bahari, twende Japani. Kwa muda wa zaidi ya miaka 200 watawala wa nchi hiyo walikuwa wamefunga milango yao. Katika watu wa Ulaya, Waholanzi peke yao waliruhusiwa kufanya biashara, nao katika bandari moja tu, Nagasaki. Ikawa mwaka 1842 Wajapani wakasikia ya kwamba Uchina, jirani yao mkubwa, imeshindwa vita na Waingereza. Wenye busara wakatambua kuwa zamu yao yaweza kufika.

Mwaka 1853 manowari za Warusi zilitia nanga Nagasaki. Ndani ya merikebu wageni wakawaonyesha Wajapani gari dogo la moshi likizunguka mezani kwa mvuke. Mwaka uliofuata Jemadari Perry wa Marekani alifika Yokohama na manowari zake zenye mizinga mikubwa, akaleta na zawadi: gari la moshi lililopunguzwa kuwa robo ya kimo chake, pamoja na reli za kutandikwa kwa duara. Behewa lilikuwa dogo, mtu mzima hakuweza kuingia. Basi mkubwa mmoja wa Kijapani akakaa juu ya paa lake, akazungushwa mbio, mavazi yake yakipepea kwa upepo. Wageni wakacheka sana.

Lakini wako ambao hawakucheka. Watu wa jimbo la Saga, waliokuwa na zamu ya kulinda Nagasaki, walikuwa wameliona gari la Warusi, wakalitazama kwa macho ya fundi. Bwana wao, Nabeshima Naomasa, alikuwa na karakana ya kuchunguza elimu mpya. Humo alifanya kazi Tanaka Hisashige, mtoto wa fundi wa vitu vya ng'amba, aliyepata sifa kwanza kwa kuunda wanasesere waendao wenyewe. Umri wake ulikuwa umepita miaka 50. Yeye na wenzake walisoma vitabu vya Kiholanzi, wakapima, wakafua shaba, na mwaka 1855 gari lao dogo likajongea juu ya reli zake kwa mvuke, hali nchi nzima haikuwa na hata maili moja ya reli. Gari hilo nalo limehifadhiwa mpaka leo huko Saga.

Tusidanganyane, wasikilizaji: gari la mezani halivuti mzigo. Reli ya kwanza ya Japani ilipofunguliwa mwaka 1872, kati ya Tokyo na Yokohama, mitambo yake ilinunuliwa Uingereza. Wajapani walijifunza miaka 21 zaidi, hata mwaka 1893 mtambo wa kwanza wa reli ulioundwa katika nchi yao ukatoka katika karakana ya Kobe. Na msimamizi wa kazi hiyo alikuwa nani? Mwingereza, jina lake Richard Francis Trevithick, mjukuu wa yule Trevithick wa Camborne! Tanaka alikuwa amekufa mwaka 1881, lakini karakana aliyoifungua Tokyo mwaka 1875 ilikua hata ikawa chimbuko moja la kampuni kubwa ya Toshiba.

Sisi wa Afrika ya Mashariki gari la moshi lilitujia limekwisha kuundwa. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na mitambo yake ililetwa kwa merikebu kutoka ng'ambo. Tuliuona mwisho wa kazi, mwanzo wake hatukuuona. Nao wazee wetu walisema: Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Basi kesho ukimkuta mtoto kivulini na makopo yake, usimpite kwa kumkemea. Keti kidogo, umwulize, "Gurudumu hili, mbona halizunguki sawasawa?" Akikosa jibu, mtafute pamoja.