Pampu ya Tope: Kutoka Ng'ombe wa Texas hadi Pini Moja Ndogo

Leo tupumzike kidogo na habari za tarakilishi, ingawa nawaahidi tutazigusa kabla hatujamaliza. Nataka tuzungumze juu ya pampu. Si ile ya kuvuta maji mtoni kumwagilia sukumawiki, la. Nazungumzia pampu ya tope, mashine kubwa kama matatu ambayo huwekwa kando ya kila mtambo mkubwa wa kuchimba visima vya mafuta, gesi au mvuke. Magazeti hupiga picha ya mnara. Pampu haionekani, na rafiki yangu mmoja aliye katika kazi hiyo hulalamika kila mara kwamba watu wanasifu mifupa na kusahau moyo.

Kwanza, kwa nini tope? Kekee inapozunguka huko chini, inasaga mwamba. Vumbi na kokoto zake lazima zitoke, la sivyo kekee itakwama. Basi tope husukumwa ndani ya bomba la kuchimbia, likatokea kwenye kekee, kisha likapanda juu kwa nje ya bomba likibeba uchafu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Kazi ya pili ni kubwa zaidi: uzito wa tope lililojaa kisimani hukandamiza gesi na mafuta yaliyo kwenye mwamba yasipande. Tope likiwa jepesi mno au likipungua, kilicho chini hupanda kwa nguvu. Kwa hiyo mtu anayeendesha pampu hii ameshika kifuniko cha kisima, hata kama hajijui.

Wazo la kusafisha kisima kwa maji yanayozunguka ni la zamani. Mfaransa Pierre-Pascal Fauvelle alilitumia huko Perpignan katikati ya miaka ya 1840. Lakini tope lenyewe lilipata sifa Texas. Mwaka 1900 ndugu wa familia ya Hamill, wachimbaji kutoka Corsicana, waliajiriwa na Anthony Lucas kuchimba kwenye kilima cha Spindletop karibu na mji wa Beaumont. Malipo yalikuwa dola 2 kwa kila futi. Mchanga wa mahali pale ulikuwa ukibomoka na kuziba shimo kila mara, na maji matupu hayakutosha kuushikilia. Wakachimba bwawa, wakalijaza maji, wakaswaga kundi la ng'ombe ndani wakanyagekanyage mpaka maji yakawa tope zito. Wakalisukuma kisimani kwa pampu ya mvuke, na kuta za shimo zikasimama. (Naam, mashine ya kukoroga tope ilikuwa kwato. Sisi wa nchi za wafugaji tungeweza kuwauzia teknolojia hiyo zamani sana!)

Tarehe 10 Januari 1901, walipokuwa wakirudisha bomba chini baada ya kubadilisha kekee, tope likaanza kububujika juu. Bomba zikarushwa nje kama mishale. Kukawa kimya kidogo, kisha mafuta yakaruka zaidi ya futi 150 angani, yakaendelea hivyo siku 9. Makadirio ya siku zile yalikuwa mapipa 100,000 kwa siku. Historia ya Marekani inaisimulia kama siku ya baraka, na kwa upande wa fedha ilikuwa hivyo. Lakini ukiitazama kwa jicho la fundi, siku ile kisima kiliwashinda. Kabla ya mafuta, kilichotangulia kutoka ni tope. Shika hapo, tutarudi.

Baada ya Spindletop visima vilizidi kwenda chini na milipuko ikaongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Ben Stroud, huko Louisiana, alipendekeza tope liongezwe madini mazito, na mwaka 1922 James Abercrombie na Harry Cameron wa Houston wakabuni kifaa cha kuziba mdomo wa kisima kinapoanza kufoka. Hayo yameandikwa sana, sitayarudia. Kilichonivutia mimi ni badiliko jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni jinsi pampu ilivyobadilishiwa nguvu.

Pampu ya mvuke ya enzi za ndugu Hamill ilikuwa na pistoni mbili kwenye fimbo moja: upande huu mvuke unasukuma, upande ule tope linasukumwa. Ikitokea njia ya tope imeziba, presha hupanda mpaka ilingane na nguvu ya mvuke, kisha pampu inasimama yenyewe. Inakoroma tu pale. Haivunji kitu, kwa sababu mvuke hauna nguvu zaidi ya hiyo. Yaani mashine ilikuwa na kikomo ndani ya umbo lake. Kuanzia miaka ya 1930 injini za dizeli zilianza kuchukua nafasi ya boila, na baadaye mota za umeme. Injini inazungusha mtaimbo-fito kwa gia na mkanda, na mtaimbo-fito hauna habari kama njia imeziba. Utazunguka. Pistoni itakuja mbele. Kama tope halina pa kwenda, kitu fulani lazima kipasuke, iwe bomba, kifuniko cha silinda au bolti. Pampu za pistoni tatu, zilizoenea tangu miaka ya 1960, kubwa zake zina nguvu ya farasi 1,600 na zaidi, na presha ya paundi 5,000 kwa inchi ya mraba ni jambo la kawaida kwao. Tairi la gari dogo lina takriban 30.

Kikomo kilichotoka ndani ya mashine kikabidi kirudishwe kutoka nje, nacho kikawa valvu ya usalama. Ile ya kawaida ni rahisi sana: pini nyembamba ya chuma inashikilia mlango wa valvu, presha ikizidi kiwango, pini inakatika, mlango unafunguka, tope linarudi tangini. Kila kiwango cha presha kina pini yake. Na hapa ndipo ulipo ubaya wa binadamu. Mnajua nyumbani fyuzi ikiungua mara tatu, fundi wa mtaani anafanya nini? Anaweka waya. Kwenye pampu, pini ikikatika mara kwa mara, kuna anayeingiza msumari au kipande cha chuma alichokiokota. Pampu inaendelea vizuri, hakuna usumbufu, na mlinzi ameuawa kimyakimya. Ndiyo maana miongozo ya kazi hii inarudia mambo yale yale bila kuchoka: pini ya mtengenezaji pekee, kifuniko cha pini kiwepo, maana inapokatika vipande vyake vinaruka, kusiwe na valvu nyingine kati ya pampu na valvu ya usalama, kwa kuwa kuna siku mtu ataifunga, na bomba la kutolea lifungwe imara lisije likachapa kama nyoka.

Kuna na chupa ile ya duara juu ya pampu, yenye mpira ndani uliojazwa gesi ili kutuliza mapigo. Sisi waandika programu tungeiita bafa. Inajazwa naitrojeni tu. Oksijeni ikikutana na mafuta na presha ni mlipuko. Mitungi ya gesi inafanana gizani, kwa hiyo mtu asome lebo. Na uvujaji mdogo usitafutwe kwa kidole: tundu la sindano kwenye presha hiyo hutoboa ngozi, na tope lenye mchanga hukata hata chuma likiachwa liendelee. Pistoni, laina na valvu za ndani ni vitu vya kuchakaa, vinabadilishwa mara kwa mara, na kila mara presha itolewe kwanza, swichi ifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingiza mikono.

Sasa turudi kwenye tope lililotangulia. Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010, kwenye Ghuba ya Mexico, mtambo wa Deepwater Horizon wa kampuni ya Transocean ulikuwa ukimalizia kisima cha Macondo cha BP. Wafanyakazi walikuwa wakitoa tope zito, paundi 14 hivi kwa galoni, na kuweka maji ya bahari ambayo ni kama 8.6. Mapema jioni hiyo kipimo cha kuthibitisha kwamba kisima kimezibika kilionyesha paundi 1,400 kwenye bomba la kuchimbia, mahali palipotakiwa sifuri. Wakapata maelezo yaliyowaridhisha, wakaendelea kusukuma.

Tazama hesabu. Maji mepesi yakichukua nafasi ya tope zito, presha ya pampu inatakiwa ishuke pole pole. Saa 3:01 usiku ikaanza kupanda, na mwendo wa pampu haukuwa umebadilishwa. Saa 3:08 pampu zikasimamishwa kwa ukaguzi wa maji yanayotoka. Pampu ikisimama, presha itulie. Ikapanda tena, karibu paundi 250 kwa dakika tano na ushei. Pampu zikawashwa. Saa 3:18 valvu ya usalama ya pampu moja ikafunguka, na watu wakatumwa kwenye chumba cha pampu kuitengeneza. Ile pini ilifanya kazi yake barabara! Ila ilikuwa inalinda pampu, haikuwa inalinda kisima, na iliwavuta watu kwenye tatizo dogo wakati kubwa likipanda chini yao. Takriban saa 3:40 tope likamwagika kwenye sakafu ya mtambo. Saa 3:49 mlipuko wa kwanza. Watu 11 walikufa, baadhi yao wakiwa kwenye vyumba vya tope na pampu, na kisima kilivuja siku 87.

Tume iliyoundwa na Rais Obama ilitoa ripoti Januari 2011, na sehemu iliyonikaa kichwani ni hii: takwimu zote hizo zilikuwa kwenye skrini. Hakukuwa na kengele ya kusema "mapigo yale yale, presha inapanda, kwa nini?" Usalama ulitegemea mtu sahihi awe anatazama mstari sahihi kwa dakika sahihi. Ukiwa programa unajiambia, hiyo ni kanuni ya mistari michache! Nami nilijiambia hivyo. Lakini usiku ule pampu zilikuwa zikiwashwa na kuzimwa, tope likihamishwa tangi hadi tangi, kreni zikifanya kazi. Kengele yangu ingelia kila robo saa, na mtu angeizima. Fundi mkuu wa elektroniki wa mtambo ule alishuhudia mbele ya wachunguzi Julai 2010 kwamba king'ora kikuu kilikuwa kimewekwa kisilie chenyewe, ili watu wasiamshwe bure usiku. Kila anayesimamia seva anaijua hali hiyo. Kengele ya uongo na msumari kwenye valvu ni ndugu wa baba mmoja. Mwaka 2016 kanuni za Marekani zilitaka takwimu za baadhi ya visima vya baharini zifuatiliwe papo hapo na watu walio nchi kavu pia, jozi ya pili ya macho.

Sisi hapa nyumbani pampu hizi ziko Olkaria, Naivasha, ambako visima vya kwanza vya mvuke vilichimbwa miaka ya 1950. Tope hutumika sehemu za juu. Ukifika kwenye mwamba wenye mvuke unabadili, unatumia maji au maji yenye povu, kwa sababu tope litaziba nyufa unazozitafuta. Hapo kazi ya pampu inageuka. Haibebi uzito wa tope tena, inapoza kisima. Ikisimama, maji yaliyobaki chini yanaanza kupata moto wa mwamba, na yakichemka yanakuwa mvuke unaopanda na kuyasukuma yaliyo juu yake. Kwa hiyo pampu haziwi moja. Moja ikifunguliwa ibadilishwe pistoni, ikiwa na kufuli kwenye swichi na kadi yenye jina la fundi, nyingine inaendelea kupiga, na kuna mtu amekaa anahesabu mapigo yake.