Uumbizaji wa Msingi, au Kinachofanyika Flashi Inapokataa

Flashi ikikataa kufunguka hapa Olenguruone, dawa inayotajwa kwanza ni moja: ifomatiwe. Mwalimu aliyehifadhi mitihani ya muhula, kwaya iliyorekodi nyimbo zake mjini Nakuru, kijana aliyebeba vyeti vyake vya kuomba kazi, wote huambiwa hivyo saibani. Fomati ya kawaida ikishindwa, fundi hutaja nyingine, nzito zaidi, ambayo jina lake la Kiingereza, low-level format, likifasiriwa neno kwa neno linakuwa "uumbizaji wa kiwango cha chini". Tafsiri hiyo inampotosha msomaji. Kwa Kiswahili, kitu cha kiwango cha chini ni kitu hafifu: mbolea ya kiwango cha chini, barabara ya kiwango cha chini. Kazi tunayoizungumzia hapa ndiyo nzito kuliko zote zinazoweza kufanyiwa flashi, na ikikosewa flashi haiamki tena.

Neno "umbiza" lenyewe sina ugomvi nalo. Limetokana na "umba" na limezoeleka katika programu zilizotiwa Kiswahili tangu miaka ile Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilipotoa Jambo OpenOffice mnamo 2004. Anayesema "fomati" naye anaeleweka kote. Shida iko kwenye maneno yanayofuata.

Kuumbiza ni kazi mbili, na mtu wa Olenguruone anaweza kuzitenganisha haraka akifikiria ardhi. Serikali ya kikoloni ilipoigeuza sehemu hii kuwa makazi mwaka 1941, ilibidi ardhi ipimwe kwanza. Mpimaji hutembea shambani, huweka vigingi, huandika kando miamba na mabwawa yasiyolimika, kisha huchora ramani. Baada yake ndipo ofisi ya ardhi hufungua daftari na kuandika ploti ipi ni ya nani. Unapobofya fomati kwenye Windows na kuchagua FAT32, exFAT au NTFS, unafungua daftari jipya. Vigingi havijaguswa. Ndiyo maana fomati ya haraka huchukua sekunde chache tu, na ndiyo maana faili za zamani mara nyingi bado zinaweza kuokolewa baada yake: daftari limebadilishwa, mazao yangali shambani.

Kazi ya mpimaji ndiyo hiyo nyingine. Zamani mwenye kompyuta aliweza kuifanya mwenyewe. Diski ngumu za ukoo wa ST-506, iliyotoka mwaka 1980 ikiwa na megabaiti 5, zilihitaji kuchorewa njia na sekta kwenye sahani zake kabla ya kupokea chochote, na fundi aliifanya kazi hiyo kwa amri chache. Katikati ya miaka ya 1980 zilipokuja diski za IDE, zenye kidhibiti chake ndani ya diski yenyewe, upimaji ulihamia kiwandani na mtumiaji hakuweza kuufikia tena. Jina lilibaki bila kazi yake. Likapachikwa programu zinazofanya jambo tofauti kabisa: kuandika sifuri kuanzia mwanzo wa diski hadi mwisho.

Hapa ndipo mkanganyiko wa saibani unapoanzia. Programu maarufu kama HDD Low Level Format Tool hujaza sifuri. Ina manufaa yake. Hufuta jedwali la sehemu lililoharibika ambalo Windows ilishindwa kulivuka, na kwa kuandika kila mahali hukilazimisha kidhibiti kugundua maeneo mabovu na kuyahamishia kwingine. Flashi nyingi hupona kwa njia hiyo. Hata hivyo haijapima chochote upya, na jina lake la haki kwa Kiswahili ni "kujaza sifuri". Fundi akimwambia mteja "nitaijaza sifuri", mteja anajua papo hapo kwamba hakuna faili itakayosalia. Maneno "kiwango cha chini" hayamwonyi hata kidogo.

Ili kuona upimaji wa kweli ulipo, ifungue flashi. Utakuta vitu viwili vyenye maana: chipu ya kumbukumbu ya aina ya NAND, iliyobuniwa na Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba na kutangazwa mwaka 1987, na kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayozungumza na mlango wa USB. Chipu huandikwa ukurasa kwa ukurasa, lakini haifutiki ukurasa mmoja. Hufutwa bloku nzima, na kila kufutwa huichosha. Bloku za chipu za bei nafuu, zinazobana biti 3 katika kila seli, huvumilia kufutwa kwa mizunguko ya maelfu machache tu, pengine chini ya hapo. Tena chipu hutoka kiwandani ikiwa tayari na bloku mbovu zilizotiwa alama. Kwa hiyo kidhibiti huweka ramani: bloku zipi ni mbovu, zipi ni za akiba, na anwani ambayo Windows inaiomba iko wapi hasa kwenye chipu. Kompyuta haiioni ramani hiyo kamwe.

Sasa umeme unakatika flashi ikiwa inaandikwa, au mtu anaichomoa nyimbo zikiwa bado zinanakiliwa. Ramani inaweza kubaki nusu. Flashi inawaka taa, Windows inaonyesha herufi ya kiendeshi, lakini ujazo ni sifuri na inakuomba uingize diski. Kujaza sifuri hakutasaidia, kwa sababu hakuna mahali pa kuzijaza. Kinachohitajika ni programu ya kiwandani ya kidhibiti hichohicho: ya Phison kwa kidhibiti cha Phison, ya Alcor Micro kwa cha Alcor, ya Silicon Motion kwa chake. Fundi husoma kwanza utambulisho wa flashi kwa chombo kama ChipGenius, maana jina lililochapwa kwenye ganda halisemi lolote kuhusu kilichomo. Programu hiyo hukagua chipu bloku kwa bloku, kisha huandika upya ramani na programu ya ndani ya kidhibiti. Ukichukua isiyolingana, unaiua flashi.

Hiyo ndiyo ninayotaka iitwe uumbizaji wa msingi. Najua "msingi" limebeba pia maana ya jambo la mwanzo na jepesi, kama katika elimu ya msingi, na mtu anaweza kudhani huu ni uumbizaji wa wanaoanza kujifunza. Nimelipima na "wa kina", nikaliacha, kwa sababu uchunguzi wa kina ni ule uliofanywa kwa makini, na msomaji angedhani ni fomati ileile iliyochukua muda mrefu zaidi. "Wa tabaka la chini" linaleta siasa ya matajiri na maskini. "Msingi" angalau linataja mahali: kile kilicho chini ya kila kitu, ambacho ukikigusa nyumba yote inatikisika.

Programu hizohizo za kiwandani ndizo hutumiwa na walaghai. Huandika kwenye kidhibiti kwamba chipu ya gigabaiti 8 ni ya 64, na flashi huuzwa kwa bei ya kuvutia. Inafomatiwa vizuri, inapokea faili vizuri, mpaka gigabaiti ya tisa. Kuanzia hapo kila kinachoingia kinapotea kimyakimya. H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza flashi yote kisha huisoma tena na kukuambia ukweli. Uumbizaji wa msingi unaweza kuirudishia ujazo wake wa haki, na gigabaiti 8 za kweli zinatosha mitihani ya shule nzima.

Kuna flashi zinazofomatiwa bila kuugua. Ya FAT32 ikikataa video ya harusi kwa sababu haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, ihamishie exFAT. Iliyojaa njia za mkato badala ya folda ina virusi vilivyozificha faili, na amri ya attrib huzifichua zote.

Nayo inayosomeka lakini inadai imelindwa isiandikwe, mara nyingi imemaliza bloku za akiba, na kidhibiti kimeifunga ili kilichomo kisiharibike. Hiyo usiiumbize kwa namna yoyote. Nakili faili leo, na kama daftari lake limevurugika tumia PhotoRec, kisha umwambie mwenyewe anunue nyingine.