Martha Hughes Cannon, bibi wa nne
Tukitaja ndoa ya bibi wengi, watu wa kwetu wanafikiri ni mambo ya Afrika tu. Lakini Wamormoni wa Utah, kule Marekani, nao waliishi hivyo.

Martha alizaliwa Wales mwaka 1857. Mwaka 1861 wazazi wake walivuka nyika ya Marekani kwa magari ya ng'ombe. Mdogo wake alifia njiani, na baba akafa siku tatu tu baada ya kufika Salt Lake City.

Alisoma, akawa munganga mwaka 1880. Mwaka 1884 akaolewa kwa siri na Angus Cannon, mkubwa wa kanisa, akiwa bibi wa nne. Serikali ilikuwa inawafunga wanaume wa namna ile. Angus mwenyewe alionja gereza. Na Martha ndiye aliyezalisha mama wengi wa nyumba hizo. Kama angeitwa mbele ya hakimu, kinywa chake kingewafunga baba za watoto aliowapokea. Basi mwaka 1886 akabeba mtoto wake mchanga, akakimbilia Uingereza. Kwetu sisi, hapo ndipo uzito wa maisha yake ulipo, si katika ile hadithi ya uchaguzi inayopendwa sana.

Hata hivyo tuiseme: mwaka 1896 aligombea seneti ya Utah, na bwana yake akagombea kwa chama kingine. Bibi akapita, bwana akaanguka! Hakuna mwanamke wa Marekani aliyemtangulia katika seneti ya jimbo.

Alikufa mwaka 1932. Mwaka 2024 sanamu yake ilisimamishwa katika jengo la bunge, Washington.