Sumaku Iliyoogopa Betri

Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliwapelekea wanamaji wa nchi yake hedifoni alizoziunda mwenyewe. Walipozijaribu wakazipenda, wakaagiza. Baldwin akawajibu kwamba hapokei oda ya zaidi ya kumi kwa mpigo, kwa kuwa alikuwa akizitengenezea jikoni kwake.

Ukifungua kifuniko cha hedifoni ya kawaida ya zama hizo, unakuta kiwambo chembamba cha chuma na, chini yake, sumaku ya feleji iliyobeba koili mbili za waya mwembamba kama unywele, zenye maelfu ya mizunguko. Sumaku hiyo ilikivuta kiwambo muda wote. Umeme wa redio ukiuongeza au kuupunguza mvuto huo, kiwambo kilitikisika na sauti ikatoka.

Tatizo ni kwamba feleji haishiki usumaku kwa muda mrefu. Hedifoni ikianguka sakafuni, nguvu hupungua. Lakini adui mbaya zaidi alikuwa redio yenyewe. Katika redio nyingi za valvu za miaka ya 1920, umeme wa betri ulipita moja kwa moja ndani ya koili hizo. Nyaya zikiunganishwa kinyume, umeme uliipinga sumaku siku baada ya siku, hadi sauti ikafifia. Ndiyo sababu waya mmoja uliwekewa alama ya uzi mwekundu: huo ulikwenda upande wa chanya.

Kwa hiyo hofu ya wazee wa redio, kwamba sumaku ya hedifoni ingepoteza nguvu, ilikuwa na msingi. Kilichobadilika ni sumaku. Japani ilitangulia: Kotaro Honda alitoa feleji yake ya KS mwaka 1917, na mwaka 1931 Tokushichi Mishima akachanganya chuma, nikeli na alumini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja sumaku ya neodimiamu, kazi ya Masato Sagawa huko Japani na ya watafiti wa General Motors huko Marekani.

Hii ya mwisho ndiyo iliyomo katika hedifoni nyingi za leo. Kuiondolea nguvu kwa sumaku nyingine kunahitaji takriban tesla 1, yaani mikrotesla milioni moja. Kwa kulinganisha, oveni ya maikrowevu, ukiwa sentimita 30 kutoka kwake, hutoa mikrotesla 4 hadi 8 tu. Dunia yenyewe ina kama 50. Joto ndilo la kuogopa: aina ya kawaida huanza kudhoofu likizidi nyuzi 80 za Selsiasi.

Hata katika nyumba zilizokuwa na televisheni za zamani za kioo kinene, kilichoumia hakikuwa sumaku ya spika bali picha. Sumaku ya spika kubwa ikikaa kando ya televisheni ya rangi ilipindisha njia ya elektroni, na pembe ya picha ikageuka kijani au zambarau.