Rangi ya Pili: Pikipiki na Utunzaji wa Chuma Nyanda za Juu Kusini

Kukwangua rangi ya pikipiki uani na kuipaka upya, kazi inayofanyika kuanzia Ipogolo, Iringa, hadi Uyole na Mwanjelwa, Mbeya, husemwa kuwa ni urembo ulioletwa na vijana wa bodaboda. Nashikilia kwamba vijana hao waliikuta. Walikuta desturi ya kutunza chuma iliyojengwa na umbali, mafunzo ya ufundi na miaka ya uhaba, wakaongeza chombo kipya cha kutunzwa.

Tuanze na umbali. Iringa iko karibu kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na Mbeya zaidi ya 800. Kabla ya barabara ya lami ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, spea iliyokosekana huku haikuwa jambo la kuagiza leo na kupokea kesho. Wapo wanaorudi nyuma zaidi, kwa Wakinga, Wapangwa na Wanyiha waliokuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe. Urithi huo ni wa kweli na unastahili heshima, lakini sidhani unaeleza kazi ya leo: majembe ya viwandani yalipoenea, matanuru yalizimika, na fundi wa pikipiki hakufundishwa na mhunzi.

Ushahidi wenye uzito uko karibu zaidi, katika mafunzo ya ufundi na miaka ya uhaba. Ifunda, mkoani Iringa, mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili, paligeuzwa kuwa shule ya ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973 ili kuinua viwanda vidogo. Kisha ukaja uhaba: vita vya Kagera vya 1978 na 1979, upungufu wa fedha za kigeni, msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Hadi serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, tairi, betri na hata rangi vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi. Pikipiki za wakati huo zilikuwa chache, nyingi za bwana shamba, za misheni na za idara za serikali, na mtumiaji hakuwa na tumaini la kupewa nyingine. Fremu ikioza, safari zimekwisha. Katika hali hiyo brashi ya waya, msasa na kopo la rangi vilikuwa kinga, wala hakuna aliyeviita pambo.

Pikipiki za Kichina na za Kihindi zilipofurika mwishoni mwa miaka ya 2000, na kanuni za mwaka 2010 zikazitambua kama chombo cha kubeba abiria kwa leseni, wengi walitarajia desturi hiyo ife. Kwa nini upake cha zamani wakati kipya kinapatikana dukani? Pingamizi hili linasahau namna pikipiki inavyopatikana. Dereva wa mkataba humlipa mwenye chombo hesabu kwa miezi mingi kabla ya kukabidhiwa kadi. Siku chombo kinapokuwa chake, kimeshapitia mvua za Novemba hadi Aprili, tope jekundu, na magunia ya mbolea, ambayo chumvi zake hunyonya unyevu na kula chuma. Upya anaoweza kumudu ni ule wa kuutengeneza mwenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba rangi huficha ubovu ili kumlaghai mnunuzi. Inatokea, na anayepuliza rangi juu ya kutu anafanya hivyo hasa. Lakini kazi kamili ni kinyume cha kuficha. Fremu iliyokwanguliwa hadi chuma cheupe huonyesha ufa kwenye maungio ya kuchomelea, mahali ambapo mzigo wa keria huelemea. Baada ya hapo ndipo huja praima, na rangi juu yake. Injini inadai ujuzi mwingine kabisa. Gamba lake ni alumini: halishiki kutu nyekundu, na kostiki soda inayovua rangi kwenye chuma bila kukidhuru huila alumini yenyewe. Mapezi ya silinda nayo hupoza injini kwa upepo, hivyo rangi nene huyafanya yashike joto. Anayejua tofauti hizi ana elimu, hata kama hana cheti.

Lililobaki ni afya, na hapa wapinzani wana haki. Vumbi la rangi kuukuu linaweza kuwa na risasi, na mvuke wa thina haufai kuvutwa uani wanakocheza watoto. Msasa wa maji hupunguza vumbi, ila hauondoi mvuke. Hilo linataka banda lenye hewa na kompresa ya kushirikiana, gharama isiyobebeka kwa dereva mmoja. SIDO ina ofisi Mbeya na Iringa, na iliundwa kwa ajili ya mafundi wa kiwango hiki hiki. Banda la kupakia rangi lingekuwa kazi yake halali.